Kadi ya Matundu Arobaini

Mkuu wetu wa shule alikuwa na saa ya kupimia mbio, ile ya kubonyeza ikaanza na kubonyeza tena ikasimama, na aliivaa shingoni kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Hata mvua ikinyesha alivuka uwanja wa shule kwa mwendo wa bwana harusi. Watoto walimbatiza jina la Bwana Sekunde, na mimi niliyepaswa kuwakanya nilikuwa najifungia stoo ya madaftari nicheke.

Bwana Sekunde alikwenda semina ya siku tatu akarudi na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "wepesi." Alitukalisha walimu wote, akaegemea meza, akasema mtoto wa darasa la tatu akiulizwa saba mara nane asifikiri, jibu lichomoke lenyewe. Na hapo, nisimwonee, hakukosea. Mtoto anayekunja vidole kutafuta saba mara nane akifika kwenye kugawanya anakuwa hoi kabla hata safari haijaanza. Nimefundisha darasa la tatu miaka kumi na moja, nimewaona. Tatizo la mkuu ni kwamba alidhani wepesi ni kitu unachokianza nacho. Alitaka mtoto akimbie, kutambaa ajifunze mwenyewe kwa wakati wake.

Basi ikaja Dakika Moja. Karatasi moja, maswali arobaini ya kuzidisha, manne kwa kila mstari, mistari kumi. Aliyatunga mwenyewe Jumapili moja na alitutangazia kwamba aliyatunga mwenyewe, tusije tukadhani ni kazi ya binadamu wa kawaida. Kila asubuhi kengele ikilia aliingia darasani kwangu, akabonyeza saa, watoto thelathini na sita wakainama na penseli zao, na dakika ikiisha akapaza sauti, "Simama!" Karatasi ilikuwa hiyo hiyo, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki.

"Mkuu," nilimwambia wiki ya kwanza, "tutengeneze karatasi kumi tofauti, tuwe tunazibadilisha."

"Kwanza waiweze hii, mwalimu."

"Wakishaiweza hii watakuwa wameiweza hii tu."

"Mwalimu, wewe ulikwenda semina?"

Sikwenda. Mjadala ukafungwa.

Ila fahari yake kuu ilikuwa kadi. Alichukua kipande cha manila, ile karatasi ngumu, akakata kwa wembe matundu arobaini, na juu ya kila tundu akaandika jibu kwa wino mwekundu. Unaiweka kadi juu ya karatasi ya mtoto, majibu ya mtoto yanachungulia matunduni, unalinganisha, umemaliza. Karatasi moja kwa pumzi moja. Maswali yenyewe yalifunikwa na manila, lakini nani alikuwa na haja nayo? Aliibeba kadi ile ndani ya bahasha ya plastiki, na siku nilipoiwekea kikombe juu hakunisemesha mpaka mchana.

Wiki ya kwanza aliyeshinda alipata kumi na tisa. Wiki ya tatu nusu ya darasa walipata arobaini. Wiki ya tano watoto thelathini na watano walipata arobaini kwa arobaini, na mkuu akanitundikia cheti ukutani kwenye chumba cha walimu, chenye jina langu na maneno "Mwalimu wa Mfano." Kilemba cha ukoka, najua. Lakini tangu nianze kazi sikuwahi kuvikwa kilemba cha aina yoyote, na kila nilipokwenda kunywa chai nilikaa kiti kinachotazama ukuta ule.

Wiki hiyo hiyo ndipo nilipojua. Ilikuwa mapumziko, nimesimama kwenye baraza na kikombe mkononi, wasichana wangu wanaruka kamba. Kila kamba ikigonga chini wanaitikia pamoja, "Hamsini na sita! Ishirini na nne! Themanini na moja! Kumi na nane!" Wakafululiza mpaka la arobaini, wakapokezana kamba, wakaanza upya. Nilicheka kwanza, nikaona watoto hawa bwana, hata mchezoni ni hesabu. Kisha chai ikanipalia. Saba mara nane, tatu mara nane, tisa mara tisa, mbili mara tisa: yalikuwa majibu ya karatasi ya mkuu, mstari kwa mstari. Kesho yake nikamtazama kiranja wangu, tuliyempa jina la Umeme kwa kasi yake. Mkono wake ulikuwa unaandika, macho yako dirishani anamtazama paka. Hakuna aliyekuwa anasoma maswali. Wamekariri kama kasuku safu ya namba arobaini, na saba mara nane wangeijua ikiwa tu imekaa ya kwanza.

Nikafanya nini? Nikavaa miwani ya mbao. Cheti kilikuwa kimetundikwa juzi tu, misumari bado inang'aa.

Sasa nimwelezee yule wa thelathini na sita. Alikuwa msichana wa dawati la nyuma, karibu na kabati, na wenzake walimwita Kobe. Mkuu naye aliliokota jina hilo akawa analitumia mbele ya shule nzima, akidhani utani wake unapendwa. Kobe alianza na majibu manane kwa dakika. Wiki ya pili kumi, wiki ya nne kumi na tano, wiki ya nane ishirini na mawili. Yote sahihi. Sikumbuki hata moja alilokosea. Lakini kwenye orodha ya mkuu ubaoni alikuwa chini kabisa, peke yake, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Nilimwita mezani siku moja. "Saba mara nane umeipataje?"

"Saba mara saba naijua, mwalimu, arobaini na tisa. Naongeza saba."

"Na nne mara tisa?"

"Nne mara kumi, natoa nne. Zamani nilikuwa natoa. Sasa hivi inakuja tu."

Inakuja tu! Huo ndio wepesi aliokwenda kuutafuta mkuu semina siku tatu, na ulikuwa umekaa karibu na kabati langu ukichekwa. Na mimi, mwalimu wa mfano, nikamuuliza swali ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata moto. "Kwa nini huukariri wimbo kama wenzako?"

"Naujua wote, mwalimu. Lakini nikiuimba siwezi kusoma maswali."

Nikamwambia aende akacheze.

Wiki ya tisa mkuu akatangaza kwamba Ijumaa mkaguzi anakuja kuiona Dakika Moja kwa macho yake. Akaongeza sheria: mtoto atakayepata chini ya thelathini siku hiyo, Jumatatu atarudi darasa la pili. Kwa kinywa alisema "mtoto yeyote." Kwa macho alitazama dawati la karibu na kabati. Ukitaka kumtimua kuku mmoja huna haja ya kuhutubia banda zima, lakini mkuu alipenda hotuba.

Mama yake Kobe alikuja Alhamisi saa sita. Ni fundi cherehani, alikuja na futi ya kupimia bado iko shingoni, nyuzi zimemganda kwenye sketi. Hakukaa hata nilipomvutia kiti.

"Mwalimu, ni kweli mwanangu anarudishwa?"

"Akipata thelathini harudi, dada."

"Akirudishwa hatakanyaga tena hapa, mimi namjua. Ameshaniambia atakaa nyumbani anisaidie kushona. Na nikimlazimisha ataugua, tumbo, kichwa, kila asubuhi." Akaivuta futi upande mmoja, akairudisha. "Huyu ndiye ananikokotolea mapazia. Namwambia madirisha sita, kila dirisha mita nne, ananijibu sijatafuta penseli. Sasa niambie, huyo ni mjinga wa wapi?"

"Si mjinga."

"Basi kawaambie."

"Tutaona, dada," nikamwambia. Tutaona ni neno la mtu ambaye ameshaona na anaogopa. Alinitazama kidogo, akaondoka bila kuaga.

Ili nisionekane sikufanya kitu, jioni kabla ya kengele nilimwita Kobe pembeni, nikainama, nikamnong'oneza kama mwizi. "Kesho usisome maswali. Imba tu."

"Hata kama swali ni lingine, mwalimu?"

"Swali haliwezi kuwa lingine. Wiki tisa swali ni hilo hilo."

Akaitikia kwa kichwa, mtoto mwenye adabu.

Nisichokijua ni kwamba karani wetu alikuwa ameamka na bidii. Karani huyu ni mtu nadhifu, hata leso anaipiga pasi. Ile karatasi mama, iliyokuwa ikitolewa nakala kila siku, ilikuwa imechakaa, ina alama ya duara la kikombe, na karani aliona ni aibu kuu kumpa mkaguzi nakala yenye duara. Akaichapa upya Alhamisi jioni bila kuambiwa. Ila yeye maisha yake yote anasoma orodha za majina kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo aliyasoma maswali kutoka juu kwenda chini, na akayachapa kutoka kushoto kwenda kulia. Maswali arobaini, yale yale, hakuna lililopotea wala kuongezeka. Yalihama tu. Yaliyobaki mahali pake yalikuwa manne tu: la kwanza kabisa, la kumi na nne, la ishirini na saba, na la mwisho kabisa.

Ijumaa mkaguzi aliingia na jalada kubwa kuliko kifua chake. Watoto wakasimama, wakaketi. Mimi ndiye niliyegawa karatasi, zimefunikwa, nyeupe pe pe pe. Mkuu akainua saa juu mithili ya mchungaji anayebariki, akabonyeza. Karatasi zikageuzwa, penseli zikaanza kukwaruza, na mimi nikaitazama nakala iliyobaki mkononi mwangu.

Saba mara nane. Sawa. Nne mara tisa.

Nne mara tisa? Namba mbili ni tatu mara nane! Namba tatu ilikuwa tatu mara tisa, namba nne tano mara sita. Niliinua macho. Umeme alikuwa anatazama dirishani, anaandika ishirini na nne, themanini na moja, kumi na nane, midomo inacheza. Darasa zima midomo ilikuwa inacheza.

Ningeweza kusema subirini. Nilikuwa na sekunde hamsini na kitu. Badala yake nilihisi utamu ukinipanda kutoka tumboni, utamu wa kweli, sitauficha. Nilijiambia leo Bwana Sekunde ataumbuka. Mbio za sakafuni, mzee, ukingo ndio huo! Nikakunja mikono, nikaegemea ukuta, nikasubiri aibu yake kama mtu anayesubiri chakula alichokwisha kukinusa. Katika yote niliyoyawaza sikuiwaza kadi.

"Simama!"

Mkuu alikusanya karatasi mwenyewe. Akatoa kadi kwenye bahasha ya plastiki, akailaza juu ya karatasi ya kwanza mbele ya mkaguzi. Hamsini na sita, ishirini na nne, themanini na moja, kumi na nane. "Arobaini!" Akalaza ya pili. "Arobaini!" Ya tatu, ya nne, ya kumi. Mkaguzi akawa anatikisa kichwa kwa furaha, anaandika jaladani. Nilibaki pale pale ukutani. Kadi haisomi maswali. Watoto hawakusoma maswali. Mkuu hakusoma maswali. Karibu karatasi nzima ilikuwa ni uongo mtupu kuanzia namba mbili, na kila mtu alikuwa anapata arobaini.

Kila mtu isipokuwa mmoja. Mkuu alipoilaza kadi juu ya karatasi ya mwisho alitulia, akainua nyusi, akacheka kwa pua.

"Mawili," alisema. "Kobe amepata mawili."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi akatoa sauti ya huruma, ile watu wazima wanayoitoa wakipita jirani na kaburi la wasiyemjua. "Hakosekani mmoja, mheshimiwa," mkuu akamwambia. "Jumatatu anarudi darasa la pili." Akagawa karatasi ili watoto wazipeleke nyumbani.

Kobe aliisoma yake. Kisha akasimama. Hakumtazama mkuu wala mkaguzi, alinitazama mimi.

"Mwalimu, uliniambia nisisome, lakini nilisoma kidogo. Namba mbili ni nne mara tisa. Si thelathini na sita?"

Mkuu alinipa jicho, na jicho lile lilikuwa na cheti ndani yake, na barua za uhamisho, na miaka yangu yote iliyobaki.

"Kaa chini," nikasema.

Akakaa. Akachungulia karatasi ya jirani yake, akachungulia ya mbele. Zote mbili ziliandikwa ishirini na nne. Akafungua mkebe, akatoa raba, akaanza kuifuta thelathini na sita yake. Aliifuta polepole kama alivyofanya kila kitu, akapuliza vumbi, akaandika juu yake ishirini na nne, na akahamia kwenye namba tatu.

Hapo ndipo nilipoona ninachofanya. Kurudishwa darasa lilikuwa jambo la mkuu, la sheria zake za kipumbavu. Hili lilikuwa langu. Nilikuwa namfundisha mtoto anayejua kwamba hajui.

"Wewe, acha kufuta!" Sauti ilitoka kubwa mno, hata karani alichungulia mlangoni. "Mheshimiwa, nne mara tisa ni thelathini na sita."

"Mwalimu!" mkuu akasema.

"Tazama karatasi, mheshimiwa. Tazama maswali, usitazame kadi."

Mkaguzi akaitazama karatasi. Kisha, na haya nayasema kwa sababu niliyaona, akatoa simu mfukoni akapiga hesabu ya nne mara tisa. Akaitazama simu. Akarudia, pengine simu imekosea. Ndipo akamwita Umeme mbele.

"Kijana, nne mara tisa?"

Umeme alisimama wima, fahari ya shule. "Ni ya ngapi, mheshimiwa?"

"Ya ngapi kivipi?"

"Ni swali la ngapi? La pili ni ishirini na nne. La tatu themanini na moja."

Hakuna aliyecheka. Hata watoto walihisi kuna kitu kimemwagika. Mkuu alikuwa wa kwanza kupata ulimi, maana hiyo ndiyo kasi aliyokuwa nayo. "Mwalimu wa darasa ndiye huyu, mheshimiwa," akanionyesha kwa kidole. "Mimi napima tu."

"Ulijua?" mkaguzi akaniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya tano."

Akaandika. Kisha akaichukua karatasi ya Kobe, akakaa kwenye meza yangu na kalamu nyekundu mkono mmoja na simu mkono wa pili, akasahihisha swali baada ya swali. Ilimchukua robo saa. Ishirini na moja kati ya ishirini na mbili. Akasema huyu anabaki darasa la tatu, na sheria ya thelathini asiisikie tena. Lile moja lililotiwa mkasi ningeweza kulieleza. Sikufungua mdomo, nilikuwa nimeshautumia ujasiri wangu wote wa mwaka.

Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili. Ilisema mbinu ni nzuri, mtekelezaji ni dhaifu. Nasikia mkuu ameombwa akatoe semina, siku tatu, na kwamba amekata kadi mpya. Cheti kilishuka ukutani, matundu ya misumari yamebaki. Na kama ulikuwa unajiuliza, yupo aliyerudishwa darasa la pili. Ni mimi. Nafundisha kujumlisha, chumba cha mwisho, karibu na vyoo.

Mama yake Kobe alinifuata huko, saa sita, futi shingoni. Safari hii alikaa. Alitandaza karatasi juu ya meza yangu, akainyoosha kwa viganja kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukikata.

"Nimekuja kukushukuru, mwalimu. Kaniambia ulimtetea." Akaweka kidole kwenye namba mbili. "Ila hili moja silielewi. Nne mara tisa anaijua tangu mwaka jana. Namuuliza alikosaje, hasemi."

Niliitazama. Chini ya ishirini na nne, raba haikufuta vizuri, thelathini na sita ilikuwa bado inaonekana.

"Hajakosa, dada," nikamwambia. "Hilo nimekosa mimi."